Zana za kusafisha diski kwa developa wa Kigoma: kulinganisha npkill, kondo, WizTree na Docker prune

Kwenye laptopu yenye SSD ya GB 256, Windows, Android Studio, Docker na miradi kumi hivi vinatosha kuufanya mstari wa C: uwe mwekundu. Hapo ndipo watu huanza kutafuta programu ya kusafisha, na programu hizi kwa kawaida hupimwa kwa swali moja: imetoa GB ngapi? Kwa developa wa Mwanga, Ujiji au Kasulu anayeishi kwa bando la simu, kipimo hicho kinapotosha. Sehemu kubwa ya GB zilizofutwa jioni huenda ukalazimika kuzinunua tena asubuhi, mteja naye anasubiri APK yake (faili la kusakinisha programu ya Android). Hapa tunazipima kwa swali jingine: kilichofutwa kitarudi kwa njia gani?

Vinavyojaza diski ya developa ni vya aina tatu. Vya kwanza hujengwa upya na mashine yenyewe bila intaneti: folda za `build`, `target`, `dist`, `.next`. Ukizifuta unalipa muda na umeme tu. Vya pili hupakuliwa upya: kashe (akiba ya vilivyokwisha kupakuliwa) ya Gradle iliyoko `~/.gradle/caches`, kashe ya npm, `~/.m2/repository` ya Maven, imeji za Docker (vifurushi ambavyo kontena, yaani programu zinazoendeshwa na Docker, huanzishwa kutoka kwavyo), imeji za mfumo za emuleta ya Android (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta). Hivi ndivyo vinavyokula bando. Vya tatu havirudi kabisa: voliumu ya Docker (mahali kontena inapotunza data) yenye hifadhidata ya majaribio, data iliyomo ndani ya emuleta, APK ya toleo rasmi uliyokwisha kumkabidhi mteja.

| Zana | Mfumo | Inagusa nini | Kurudisha kunagharimu nini |
|---|---|---|---|
| npkill | Windows, Linux, Mac | `node_modules` (folda ya pakeji za npm) ndani ya miradi | Bando kidogo au sifuri, kashe ya npm ikiwepo |
| kondo | Windows, Linux, Mac | Matokeo ya ujenzi ya lugha nyingi | Muda zaidi kuliko bando |
| docker system prune | Palipo na Docker | Kontena, imeji, kashe ya ujenzi | Bando jingi ukiongeza `-a` |
| WizTree, WinDirStat, ncdu | Mbili za kwanza Windows, ya tatu Linux na Mac | Chochote utakachochagua | Inategemea wewe |
| BleachBit, Disk Cleanup | BleachBit Windows na Linux. Ya pili Windows | Takataka za mfumo na vivinjari | Karibu hakuna |

npkill au kondo?

Kwa anayeandika JavaScript tu, npkill inatosha. Fungua terminali ndani ya folda kuu ya miradi, kisha:

```
npx npkill
```

Itaorodhesha kila `node_modules` iliyomo chini ya folda hiyo, ukubwa wake, na lini mradi uliguswa mara ya mwisho. Unashuka kwa mishale na kufuta kwa kitufe cha nafasi. Haipeleki kitu kwenye Recycle Bin, kilichofutwa kimefutwa. Usiiendeshe kutoka kwenye folda yako ya nyumbani. Huko kuna `node_modules` zinazotumiwa na programu nyingine, zikiwemo nyongeza za VS Code ndani ya `.vscode/extensions`. npkill huweka alama ya tahadhari kwenye hizo, lakini haikuzuii kuzifuta. Ukifuta, nyongeza zitaacha kufanya kazi na utazisakinisha upya kwa bando lako.

Sababu ya kuiamini npkill hapa kwetu ni kwamba haigusi kashe kuu ya npm, iliyoko `~/.npm/_cacache` kwenye Linux na `%LocalAppData%\npm-cache` kwenye Windows. Mradi ukiwa na `package-lock.json` (orodha ya matoleo kamili ya pakeji), na pakeji zake zikiwa zimewahi kupita kwenye mashine hiyo, hii hurudisha kila kitu bila mtandao:

```
npm ci --offline
```

Hakikisha kabla ya kufuta. Badilisha jina la `node_modules` liwe `node_modules_zamani`, endesha amri hiyo, uone. Ikikamilika, futa ya zamani kwa amani. Ikitoa kosa la `ENOTCACHED`, pakeji fulani haimo kwenye kashe; irudishie folda jina lake na usiguse mradi huo mpaka uwe na bando la kutosha. Na ndiyo maana ushauri wa kuendesha `npm cache clean --force` kila diski ikijaa haufai kwa mtu wa bando: huo hufuta ghala na kuacha nakala zilizotawanyika kwenye miradi, wakati kinachotakiwa ni kinyume chake.

Pakeji chache huleta mzigo wao nje ya `node_modules`. Kwenye Linux, Cypress huweka vitu vyake `~/.cache/Cypress` na Puppeteer `~/.cache/puppeteer`, vyote vikiwa na kivinjari kizima ndani yake. npkill haivioni. Kama mradi uliovihitaji umekwisha, hapo kuna mamia ya MB za kufuta kwa mkono.

kondo ni pana zaidi. Inatambua miradi ya Rust, Node, Gradle, Maven, Flutter, Composer, Unity na mingine, kisha inauliza mradi kwa mradi kama ifute au iache. Kwa mwenye mchanganyiko wa Flutter na Laravel, ambao ndio kazi ya wengi wanaotengenezea maduka, shule na SACCOS mifumo, hii ndiyo ya kuanza nayo. Pakua faili lililokwisha kujengwa kutoka ukurasa wake wa GitHub. Kuijenga mwenyewe kwa `cargo install` kunahitaji Rust nzima, jambo lisilo na maana diski ikiwa imejaa. Kisha:

```
kondo --older 3M D:\miradi
```

Herufi `M` kubwa ni miezi, `m` ndogo ni dakika. Ukizichanganya, mradi unaoufanyia kazi leo utaingia kwenye orodha. Na swali lake likitokea, usijibu `a` ya "yote" mpaka umeshasoma miradi kadhaa ya kwanza.

Udhaifu wa kondo ni kwamba inaweka kwenye kapu moja vinavyojengwa na vinavyopakuliwa. Kwenye mradi wa Flutter inafuta `build` na `.dart_tool`, ambavyo hurudi kwa `flutter pub get --offline` na ujenzi wa kawaida. Kwenye mradi wa Laravel inafuta `vendor`, ambayo hurudi bila bando pale tu kashe ya Composer ikiwa hai na `composer.lock` ikiwepo. Mradi uliopokewa kutoka kwa mtu mwingine bila faili hilo utarudi na matoleo tofauti ya maktaba, na makosa yatakayozuka hayatakuwa na uhusiano wowote na msimbo wako.

Jambo jingine watu hulisahau: ndani ya `build/app/outputs` ndimo ilimo APK au AAB (faili la kupeleka Play Store) ya mwisho, na `mapping.txt` inayohitajika kusoma ripoti za programu kuanguka kama uliufumba msimbo. Ukiijenga upya baada ya kubadili hata mstari mmoja, `mapping.txt` mpya hailingani tena na programu iliyoko kwenye simu za wateja. Nakili folda hiyo kwenye eksternali kabla ya kuiruhusu kondo.

Docker: hapa ndipo bando hupotea

Anza kwa kuangalia, usianze kwa kufuta:

```
docker system df
```

Utaona mistari minne: imeji, kontena, voliumu na kashe ya ujenzi, kila mmoja na kiasi kinachoweza kurudishwa. Mara nyingi kashe ya ujenzi ndiyo iliyovimba, na hiyo ina amri yake:

```
docker builder prune
```

`docker system prune` bila nyongeza hufuta kontena zilizosimama, mitandao isiyotumika, imeji zisizo na jina na kashe ya ujenzi isiyotumika. Hatari ni ndogo. Ukiongeza `-a`, hufuta kila imeji isiyo na kontena. Tatizo liko kwenye mpangilio: amri hiyo huanza na kontena zilizosimama, na zikishaondoka, imeji zake zinahesabiwa kuwa hazitumiki. Kwa hiyo aliyezima mradi wake kwa `docker compose down` au `docker compose stop`, kisha akaendesha `docker system prune -a`, anapoteza imeji zote za mradi huo. Postgres, Redis, PHP na Node zikipakuliwa upya kwa pamoja, bando la wiki linaweza kuishia hapo. Kama ni lazima utumie `-a`, washa kwanza kontena za miradi unayoitaka. Imeji zake hazitaguswa.

Kuhusu voliumu: tangu Docker 23, `docker volume prune` hufuta zisizo na majina tu, mpaka uongeze `-a`. Lakini `docker compose down -v` hufuta voliumu zenye majina zilizotajwa kwenye faili la mradi. Herufi hiyo moja imeua hifadhidata nyingi.

Kwa imeji unazozijua kuwa utazirudia, hamisha badala ya kufuta:

```
docker save -o postgres16.tar postgres:16
docker load -i postgres16.tar
```

Faili hilo linakaa kwenye eksternali au flashi. Mwenzako mwenye faiba Dar es Salaam au Tabora anaweza kukutayarishia mafaili hayo yakaja kwa treni au basi, nawe usitumie hata MB moja. Ziko tahadhari mbili. Flashi iliyoandaliwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Iandae kwa exFAT. Na kama mwenzako anatumia Mac yenye chipu ya Apple, avute imeji kwa `docker pull --platform linux/amd64 postgres:16`, la sivyo atakuletea imeji ya ARM isiyoendana na laptopu yako ya Intel.

Za kuonea: WizTree, WinDirStat, ncdu

Hizi hazijui `node_modules` ni nini. Kazi yake ni kukuonyesha GB zimelala wapi, na kwa hilo hazina mshindani. WizTree ndiyo yenye kasi zaidi kwenye Windows kwa sababu inasoma moja kwa moja jedwali kuu la NTFS. Iendeshe kwa ruhusa ya msimamizi, maana bila hiyo inapita folda moja moja. Kwenye eksternali ya exFAT kasi hiyo haipo. Ni ya bure kwa matumizi binafsi, kampuni hulipia. WinDirStat ni ya chanzo huria na ofisi yoyote inaweza kuitumia bila leseni ya kulipia. Kwenye Linux:

```
ncdu -x /
```

`-x` huizuia isivuke kwenda kwenye diski nyingine. Kitufe cha `d` hufuta, na hapo utulivu unahitajika.

Ukiziendesha kwenye mashine ya developa wa Android, karibu kila mara utakuta sehemu tatu. Ya kwanza ni `Android\Sdk\system-images`. Usiifute kwa mkono. Nenda SDK Manager uondoe matoleo usiyoyatumia. Ukiondoa imeji ambayo emuleta bado inaitegemea, emuleta hiyo haitawaka tena. Ya pili ni `.android\avd`, emuleta zenyewe. Ushauri wetu hapa hauna shaka: ondoa zote isipokuwa moja, na ujaribu programu kwenye simu halisi kwa waya wa USB. Tecno au Infinix yenye RAM ndogo itakuonyesha kile mtumiaji wako wa Kigoma anachokiona, jambo ambalo emuleta haliwezi, na GB kadhaa zitarudi.

Ya tatu ni `.gradle`. Hapa wengi hufuta folda nzima, kosa la gharama kubwa, kwa maana Gradle hujisafisha yenyewe: vilivyopakuliwa visipotumika kwa siku 30 huondolewa, na vilivyotengenezwa kwenye mashine visipotumika kwa siku 7. Kwa mtu wa bando siku 30 ni chache mno; kuanzia Gradle 8 muda huo unaweza kuongezwa kwa skripti iliyowekwa ndani ya `.gradle/init.d`. Kama C: imebanwa lakini D: ina nafasi, weka kigeu cha mazingira `GRADLE_USER_HOME` kielekee D:, uhamishe folda yote. `PUB_CACHE` hufanya vivyo hivyo kwa Flutter, na `npm config set cache` kwa npm.

Wanaofanya kazi ofisi moja wagawane. Tangu Gradle 6.1, folda ya `caches/modules-2` inahamishika kutoka mashine moja kwenda nyingine. Simamisha Gradle kwa `gradlew --stop`, nakili, futa mafaili ya `.lock` na `gc.properties` kwenye nakala, kisha jaribu `gradlew assembleDebug --offline`. Ikilalamika kwamba haina toleo fulani kwenye kashe, hicho kimoja ndicho utakachopakua.

BleachBit na Disk Cleanup

Hizi ni kwa ajili ya takataka za Windows na vivinjari. Disk Cleanup itakuondolea `Windows.old` na mafaili ya masasisho. Kama Windows yako ni ya zamani na orodha yake ina folda ya Downloads, hakikisha tu haina tiki. BleachBit ina chaguo la kufuta nafasi tupu: liache. Huandika diski nzima ili kuficha vilivyofutwa, huichosha SSD bure, na umeme ukikatika katikati, faili kubwa la muda linaweza kubaki na kuijaza diski kuliko mwanzo.

Umefuta, nafasi haijarudi

Sababu ya kwanza kwenye Windows ni WSL2, sehemu ya Windows inayoendesha Linux. Docker Desktop na Ubuntu ya ndani ya Windows kila moja huishi ndani ya faili lake la `.vhdx`. Faili hilo hukua kadiri unavyoongeza vitu, lakini mara nyingi halisinyai unapofuta. Docker inasema imetoa GB 20, C: haijasogea. Funga Docker Desktop, tafuta faili lenyewe kwa WizTree (matoleo tofauti huliweka mahali tofauti ndani ya `%LocalAppData%\Docker\wsl`), kisha kwenye terminali ya msimamizi:

```
wsl --shutdown
diskpart
select vdisk file="njia kamili ya faili la vhdx"
attach vdisk readonly
compact vdisk
detach vdisk
exit
```

Njia hii inafanya kazi hata Windows Home, ambako `Optimize-VHD` haipo kwa kuwa inahitaji Hyper-V. Laptopu iwe na chaji kamili. Kwenye mashine ya mezani isiyo na UPS, subiri siku ambayo umeme unaaminika. `compact` ikisema faili linatumika, Docker bado iko hai kwenye kona ya saa.

Sababu ya pili ni faili lililoshikwa. Kwenye Windows utaona `EPERM` au `EBUSY`: seva ya majaribio bado inaendelea, VS Code imefungua mradi, au Gradle inasubiri kimya nyuma, nayo hukaa saa 3 kabla ya kujizima. Funga hivyo kwanza. Kwenye Linux hali ni ya kutatanisha zaidi, kwa sababu faili hufutika lakini nafasi hubaki imekaliwa mpaka programu iliyolishika izimwe. `df -h` na `du` zikitofautiana sana, endesha:

```
sudo lsof +L1
```

Itakutajia programu hiyo. Iwashe upya, nafasi itarudi papo hapo.

Kwenye Linux hiyohiyo, ukiambiwa diski imejaa huku `df -h` ikionyesha nafasi, angalia `df -i`. Zilizokwisha ni inodi (nafasi za kuandikisha mafaili), si GB. `Node_modules` nyingi zenye mafaili madogo ndizo huzimaliza, na npkill ndiyo dawa.

Windows ikikataa kufuta kwa kuwa njia ya faili ni ndefu, tengeneza folda tupu `C:\tupu`, kisha:

```
robocopy C:\tupu D:\miradi\duka\node_modules /MIR
```

Folda tupu lazima itangulie. Ukigeuza mpangilio utajaza `C:\tupu` badala ya kuondoa mzigo.

Kama miradi iko ndani ya Documents na OneDrive imewashwa, kila `npm ci` inapakia maelfu ya mafaili mtandaoni, na kila ufutaji unalinganishwa tena. Bando linaisha bila wewe kujua limeenda wapi. Hamishia miradi `D:\miradi` au `C:\miradi`, nje kabisa ya OneDrive, kabla ya kujaribu zana yoyote kati ya hizi.

Watumiaji wa pnpm wasishangae jumla ikizidi hali halisi: faili moja la ghalani linaonekana kwenye miradi mingi, hivyo kufuta `node_modules` moja hutoa kidogo. `pnpm store prune` huondoa pakeji zisizo na mradi, nazo ukizihitaji tena utazipakua. Kwa Go, `rm -rf` kwenye `go/pkg/mod` hugoma kwa sababu mafaili yamewekwa ya kusomwa tu. Amri yake ni `go clean -modcache`, na hiyo ni bando tupu. Kwenye Mac, nafasi isiporudi baada ya kufuta DerivedData (folda ya matokeo ya ujenzi ya Xcode), tazama `tmutil listlocalsnapshots /`: snepshoti za Time Machine bado zimeshikilia kilichofutwa, na mfumo huziachia wenyewe baada ya saa 24 hivi au pale nafasi inapobana.